Timazi ya marehemu baba na darubini ya bunduki yako

Njoro, Nakuru

Baba Akinyi, ndugu yangu,

Salamu nyingi kutoka huku Njoro. Sisi hatujambo, ngano imechipua vizuri, na mama watoto anamsalimu sana mama Akinyi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema kwenye mita 100 unapiga katikati, lakini ukizungusha kitufe cha darubini kupandisha mlengo kwa shabaha ya mita 300, risasi zinahamia kulia vidole viwili vitatu, na ni kulia kila mara. Umebadilisha risasi, sasa unalilaumu bega. Liache bega lako. Naamini darubini yako ilifungwa ikiwa imeinamia kulia.

Mimi yalinipata mwaka wa kwanza wa leseni. Nilikaza pete zinazoshika darubini kwa kukadiria kwa macho, nikaapa msalaba wa kulengea ulio ndani yake umesimama wima. Kumbe ukishalaza shavu kwenye kitako, kichwa chenyewe kimeinama, na jicho linakubaliana nacho. Kwenye mita 100 kosa halionekani kwa kuwa hapo ndipo ulipoirekebishia. Ukipandisha, mlengo haupandi wima, unafuata mstari ulioinama. Digrii 3 tu, na kila mita moja unayopandisha inakusukuma pembeni sentimita 5.

Usimpelekee fundi wa mtaani. Unajua sheria yetu ya silaha, cheti ni chako na bunduki haipaswi kuachwa mikononi mwa mtu asiye na kibali. Kazi hii utaifanya mwenyewe mezani, watoto wakiwa shuleni. Toa risasi zote, ziweke chumba kingine, chomoa bolti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani, kisha tia kidole uhakikishe chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu. Mimi hutia kidole hata kama nimeona kwa macho.

Legeza pete, ila usizifungue kabisa. Anza na umbali wa jicho, maana ukishasawazisha hutataka kuisogeza tena. Weka ukuzaji wa juu kabisa, vaa lile koti unalovaa uwanjani, fumba macho, weka bunduki begani, fumbua. Ukiona duara jeusi ukingoni, sogeza darubini mbele au nyuma mpaka picha ijae. Kwa nyingi huwa kama sentimita 9 kutoka kwenye jicho. Ikikaribia zaidi, siku moja itakupasua nyusi.

Sasa usawa wenyewe. Ibane bunduki kati ya mito miwili ya mchanga, uweke pima maji ndogo juu ya reli, pale darubini inapokalia. Usiiweke juu ya kifuniko cha darubini, kwani hicho hakikuambii msalaba wa ndani umekaaje. Halafu tundika timazi, ule uzi wenye uzito mwishoni, nje, hatua ishirini hivi kutoka dirishani. Mimi hutumia ile ya marehemu baba, ya shaba, aliyojengea nusu ya nyumba za mtaa wetu. Upepo wa huku mchana hauiachi itulie, kwa hiyo nafanya alivyofanya yeye: naizamisha kwenye ndoo ya maji isiguse chini. Uzi unatulia tuli. Chungulia, zungusha darubini polepole mpaka mstari wa wima uufunike uzi wote, juu hadi chini. Ukibaki na mwanga mwembamba upande mmoja, bado.

Hapa ndipo wengi huharibu. Ukikaza skrubu za upande mmoja kwanza, pete inaivuta darubini na kuizungusha. Kaza kama nati za gurudumu, kwa mshazari, robo mzunguko kila moja, nafasi za pande mbili za pete zikilingana. Kila raundi rudi kwenye pima maji, kisha kwenye uzi. Mimi nilirudia mara nne. Ukiwa na spana ya kupimia nguvu ya kukaza, mita-nyutoni 2 zinatosha, zaidi ya hapo utaminya bomba la darubini.

Kabla ya kwenda uwanjani, bolti ikiwa nje bado, tazama kupitia mtutu alama iliyo ukutani mita 25, halafu bila kuisogeza bunduki zungusha vitufe vya darubini ulete msalaba kwenye alama hiyo. Utaokoa risasi nyingi, na bei unaijua. Ikiwa darubini yako ni ya robo dakika, yaani dakika ya pembe, si ya saa, kila tiki moja ya kitufe ni kama milimita 7 kwenye mita 100, ila kwenye mita 25 utahitaji tiki mara nne kwa umbali uleule kwenye karatasi.

Tofauti ya mwinuko kati yetu na Kisumu isikusumbue. Huku tuko juu ya mita 2,000, ninyi karibu 1,130, lakini kwenye mita 100 hutaiona.

Kama huna timazi nzuri, usinunue. Nakuja huko Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nitaifunga kwenye kitambaa niilete. Wewe andaa ndoo.

Ndugu yako,
Baba Kiprono