Shukrani kwa kaka wa jezi ya njano

Natafuta namna ya kumshukuru kaka ambaye hata jina sikumuuliza.

Jumapili tulitoka Moshi kwenda Arusha kwa baiskeli, kama kilomita 80. Njia inapanda: Moshi iko mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, Arusha mita 1,400. Baada ya Boma Ng'ombe kundi lilikaza mwendo, nami nikaachwa Kikatiti, miguu imegoma kabisa.

Kaka, ulikuwa kule mbele na wenye nguvu zao, ukapunguza mwendo ukanisubiri. "Dada, kaa nyuma ya tairi langu, usiangalie mlima." Waendesha baiskeli wanajua: aliye mbele ndiye anayepigwa na upepo, wa nyuma anapata nafuu kubwa. Ulinikingia hivyo hadi Tengeru! Kila shimo ulinionyesha kwa kidole, kila lori likija ulipaza sauti. Tulipofika pale Maji ya Chai ukamenya ndizi kwa meno, mkono mmoja kwenye usukani, ukanipa yote.

Mungu akubariki sana, wewe na nyumba yako. Anayemfahamu amwambie chupa yake ya maji ninayo, nitakuja nayo mazoezi ya Jumamosi.