Jina la mama yangu sio refu, kiboksi chenu ndio kifupi

Mhariri naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, nimevumilia nimeshindwa.

Mama yangu anakaa Ukerewe, majina yake matatu ukihesabu na zile nafasi za katikati ni herufi 31. Juzi kapewa kadi na ofisi moja hapa Mwanza, ukiangalia jina la mwisho limeandikwa "Rwech". Basi, limeishia hapo. Jina la ukoo ni Rwechungura, jina la babu yetu, sasa mfumo wao una nafasi ya herufi 25 tu kwahiyo sita za mwisho umezimeza kimyakimya, hata dada aliyekuwa anaingiza taarifa mashine haikumwambia kitu. Mama kaenda nayo kuchukua hela yake akaambiwa majina hayaendani na kitambulisho. Karudi na meli ya Nansio mikono mitupu, wiki iliyofuata kapanda tena, tukaenda kwa wakili, mama akaapa kwamba Rwech na Rwechungura ni mtu mmoja. Mtu mzima na mvi zake anaapishwa jina alilozaliwa nalo, na pale dirishani wanamwambia eti mama jina lako refu mno!

Hili tatizo najua lilikotoka. Zamani kompyuta zilikuwa zinalishwa kadi za karatasi zenye matundu, ile ya IBM ya mwaka 1928 ilikuwa na safu 80 tu, jina na namba na kila kitu vinagombania humo humo, lazima ubane. Sasa hivi mchuuzi wa dagaa pale mwaloni Kirumba ana simu inayobeba picha maelfu, herufi sita za mama yangu zinamaliza nafasi gani jamani?

Na kukata kwenyewe kuna utaratibu wake. Pasipoti zile za kusomwa na mashine zina mistari miwili pale chini, kila mmoja herufi 44, jina limetengewa 39, likizidi linafupishwa kwa kanuni zinazojulikana na juu pale bado unaachiwa jina la kusomeka na binadamu. Hata fundi wa kadi za harusi hapa mjini jina likigoma kuenea anapunguza saizi ya maandishi au anashusha mstari wa pili, sijawahi kuona kadi ina nusu ya jina la bibi harusi.

Kitu kingine ni ritifaa ya ng', kile kialama cha juu. Mimi ndio natuma meseji za kikundi chetu, meseji moja inabeba herufi 160, lakini nikiandika ng'ombe na simu ikaniwekea ile ritifaa iliyopinda badala ya iliyonyooka meseji nzima inashuka mpaka herufi 70, inakatika vipande na kila kipande kinalipiwa. Na huku usukumani utaandika nini bila ng'?

Ndugu zangu mnaotengeneza hii mifumo, kabla hamjaweka hiyo 25 chukueni daftari la wanafunzi wa shule yoyote ya kanda ya ziwa mhesabu majina. Na kama lazima likatwe basi mashine ipige kelele, mhusika aone kabla kadi haijachapwa.

Kadi ya mama iliyosahihishwa bado haijatoka, hii ni wiki ya tatu.

Msomaji wako,
Igoma, Mwanza