Aliyelia mnamkejeli, aliyepiga teke benchi mnamsifu

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja. Ila ile habari ya ukurasa wa nyuma, ya mshambuliaji aliyelia baada ya kukosa penalti mkampachika jina la "mtoto wa mama", imenishinda kuvumilia.

Ukurasa uleule, chini kidogo, mlimsifu nahodha aliyepiga teke benchi na kumfokea refa baada ya kufungwa. Huyo mkasema ana uchungu na timu yake. Sasa yule aliyelia alikuwa na uchungu na nini? Machozi yake hayakuvunja kiti wala kuiletea klabu faini.

Mimi ni kocha wa vijana, kwa hiyo mnayoyaandika nakutana nayo uwanjani. Juzi tulitolewa nusu fainali kwa matuta. Kipa wangu, kijana ambaye ndiyo kwanza anaanza kuota ndevu, alipangua mikwaju miwili, wa mwisho ukampita chini ya kwapa. Akakaa palepale golini, uso kaufunika kwa jezi, mabega yanatikisika. Kabla sijamfikia, baba yake alishaingia uwanjani. Akamwinua kwa kola, mbele ya wenzake na mbele ya wapinzani, akamwambia, "Unataka na wewe uandikwe gazetini mtoto wa mama? Mwanaume halii!" Wenzake waliokuwa wakilia wakajifuta harakaharaka, mmoja akajilazimisha kucheka. Kijana akavua glavu, akanikabidhi bila kuniangalia, na mazoezini hajarudi. Nimemfuata hadi kwao, mama yake ananiambia mpira hataki hata kuusikia. Kipa mwenye mikono ile! Baba yake namlaumu, lakini maneno yale aliyatoa kwenu.

Na hao mnaowakejeli, ni wanyonge? Asamoah Gyan alilia Johannesburg mwaka 2010, Ghana ilipotolewa na Uruguay kwenye robo fainali ya Kombe la Dunia. Kila mtu anakumbuka penalti aliyogonga mwamba mwishoni kabisa mwa muda wa nyongeza. Mnachosahau ni kwamba matuta yalipoanza, yeye ndiye aliyetangulia kupiga kwa upande wa Ghana, na akafunga. Mnataka moyo gani zaidi ya huo? Mcheza tenisi Roger Federer alishindwa kuongea kwa kilio Melbourne mwaka 2009, na aliyemkumbatia ni Rafael Nadal, yuleyule aliyemshinda. Mwaka huohuo Federer akabeba mataji ya Roland Garros na Wimbledon. Andy Murray naye alilia Wimbledon 2012 baada ya kufungwa na Federer. Mwezi uliofuata akamchapa Federer huyohuyo, palepale, akachukua dhahabu ya Olimpiki.

Halafu kuna hili la kubeti. Mkeka wa mtu ukichanika, anashika simu anamtukana mchezaji, anamtukania na wazazi. Nanyi mnayaokota matusi hayo mnayachapa eti ni maoni ya mashabiki, na pembeni yake mmeweka tangazo la kampuni ya kubeti! Aliyeliwa hela zake analalamika hadi kunakucha na hakuna anayemwambia ajikaze. Mchezaji aliyeona kazi ya msimu mzima ikipotea, dakika tano za kulia hana?

Ninachoomba ni hiki. Mchezaji akilia, ichapeni picha yake na maneno haya tu: jina lake, timu yake na matokeo. Mwandishi wenu asimsogelee na kinasa sauti mpaka awe ameshabadilisha jezi. Na barua hii naomba muiweke kwenye kurasa za michezo, si huku kwenye barua za wasomaji, kwa sababu baba wa kipa wangu kurasa nyingine hazifungui.

Kocha wa timu ya vijana