Barua kwa somo yangu wa Pangani

Dar es Salaam,
14 Septemba

Kwako somo yangu,

Salamu sana. Mimi na mama hatujambo, ni joto tu la Dar. Barua yako imenifikia, na swali lako halijanitoka kichwani: mtu anasomea uzamili wa maktaba ili iweje, na siku hizi kila kitu kimo kwenye simu? Najua umeuliza kwa kunijali, basi nakujibu kwa kirefu.

Nimepata nafasi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kusomea taaluma za habari. Masomo ya darasani kwanza, kisha tasnifu. Ada nitalipa kwa akiba yangu na fedha za kikoba. Diploma niliyoichukua Bagamoyo ilinifundisha kukiandaa kitabu mpaka kikae rafuni na kipatikane. Sasa nataka kujua rafu zenyewe zilipangwa na nani, na kwa ajili ya nani.

Chukua namba za Dewey, zile za kupanga vitabu rafuni kwa mada, ambazo maktaba zetu nyingi zinazitumia. Melvil Dewey, Mmarekani, alizitoa mwaka 1876. Fasihi ipo kwenye 800: Kiingereza kimepewa 820 yake, Kijerumani 830, Kifaransa 840. Ya Kiswahili utaikuta 896.392, imebanana na ya Kizulu, ya Kiyoruba na nyingine chungu nzima. Dini ni vivyo hivyo. Ukristo umetandaa kuanzia 220 hadi 280 na kitu, Uislamu wote umetiwa 297. Fikiria maktaba ya mji wa pwani inavyolazimika kurefusha desimali ili vitabu vinavyoulizwa sana vipate pa kukaa.

Linaloniuma zaidi ni majina. Kanuni tulizorithi zinataka jina la mwisho litangulie, kana kwamba kila mtu ana jina la ukoo. Kwetu la pili ni la baba, la tatu la babu. Basi mshairi mmoja huku ameorodheshwa kwa jina la baba yake, kule kwa lake mwenyewe, pengine na “bin” katikati. Mwanafunzi akimtafuta anapata nusu ya kazi zake, anaamini ndizo zote. Simu haimwokoi, maana nayo inatafuta kwenye yale yale aliyoyaandika mworodheshaji. Hapo ndipo ninapotaka kuiweka tasnifu yangu.

Halafu kuna tenzi za hati za mkono, kwa herufi za Kiarabu. Nyingi zilikusanywa miaka ya 1960 na zimehifadhiwa Mlimani. Nyingine ziko chuo cha SOAS, London, na baadhi zimepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti. Hizo zimepata watu wa kuandika nani alitunga, nani alinakili, zilitoka mji gani. Zilizobaki majumbani hazina mtu.

Kwa hiyo nakuomba sana kuhusu karatasi za marehemu babu yako. Asizibandike mtu selotepu, gundi yake inageuka njano na kuiharibu karatasi. Usizifunge kwenye mfuko wa plastiki, unyevu wa huko utazitia ukungu. Zipige picha ukurasa kwa ukurasa, kwa mpangilio ule ule ulizozikuta nao, na umuulize bibi ni nani aliyezinakili, maadamu bado anakumbuka. Desemba nikija tutaziandikia orodha pamoja.

Nisalimie bibi na watoto.

Akupendaye,
Somo yako