YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAFARI YENU YA MAPOROMOKO YA MATERUNI

Njiro, Arusha.

Kwa Meneja,
Ofisi ya Moshi.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia kwa heshima, ingawa heshima yenyewe kwa sasa naitafuta kwa tochi. Sitaeleza safari ilivyopangwa, maana risiti mnayo, orodha ya majina mnayo, na picha mmeshazibandika kwenye ukurasa wenu. Mojawapo inamwonyesha mwanangu Baraka anacheka, muda mfupi kabla hajatolewa majini. Iondoeni. Si kesho, leo, kabla hujamaliza kusoma barua hii.

Jambo lenyewe ni hili. Pale chini ya maporomoko mwongozaji wenu alikuwa na maboya manne ya kuvaa. Mawili aliwavalisha wageni wa kizungu, akawakazia mikanda mwenyewe. Mawili yakabaki yamening'inia begani kwake. Nikamwambia kwa upole, "Kaka, naomba moja la mtoto." Akanijibu, "Mama, haya ni ya wageni. Nyie si mmelipa bei ya ndani?"

Ilikuwa wiki ya Pasaka, masika imeshika. Nyie mnakula kwa mlima ule wa Kilimanjaro, hamhitaji mwalimu wa hesabu kutoka Njiro awafundishe kwamba mvua ikipiga juu msituni, huku chini jua linaweza kuwa linawaka na mto ukaja ghafla. Tangu tunapita Uru mlima ulikuwa umejifunika. Mama mmoja aliyekuwa anakata majani ya ng'ombe pembeni ya njia alitusimamisha, akasema maji ya leo si ya kuingia, tuyaangalie tu kwa mbali. Mwongozaji wenu akamwitikia kwa Kichaga, wakacheka, tukaendelea. Hadi leo sijui kama yule mama alicheka au alisikitika.

Taratibu zenu zimebandikwa ukutani ofisini kwenu, nimezisoma mwenyewe baadaye nikiwa nimekalishwa pale bila hata glasi ya maji. Zinasema maji yakibadilika rangi kila mtu atoke. Basi yalibadilika! Yalianza meupe, yakawa rangi ya chai ya maziwa, vikaja vijiti na majani, na mngurumo ukawa mzito. Hapo ndipo filimbi hupulizwa, watu wapande juu. Filimbi alikuwa nayo shingoni. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye simu, anawarekodi wageni.

Baraka anajua kuogelea, ila bwawani. Maji yaliyojaa povu hayambebi mtu kama ya bwawa, na yale yanayoanguka kutoka karibu mita 80 yanakukandamiza chini na kukurudisha palepale. Baridi nayo inakata pumzi. Ukiyapigania uso kwa uso unaishiwa nguvu, unatakiwa uufuate mkondo utokee pembeni. Nimeelezwa hayo na kijana wa kijijini aliyemwokoa mwanangu, si na mtaalamu wenu anayevaa fulana yenye nembo. Kijana huyo hakuruka ndani. Alisimama imara ukingoni, akamnyooshea mti mrefu, akampigia kelele aushike, akamvuta.

Mguu ulichanika kwenye jiwe, chini kidogo ya goti. Sanduku lenu la huduma ya kwanza lilikuwa na panadol na plasta. Nilifunga kidonda kwa kanga yangu. Tulipofika kijijini nikaomba gari liwahi hospitali, dereva akasema ratiba bado, kahawa haijatwangwa. Nikasimama pale na mtoto anavuja damu, wageni wanatwanga kahawa kwenye kinu na kuimba, mpaka nilipopata bodaboda. Mtoto alishonwa mjini Moshi kwa hela yangu.

Narudi kwenye yale maboya kwa sababu dada yenu wa mapokezi aliniambia "labda hamkuelewana lugha". Lugha ipi? Tulizungumza Kiswahili, mimi na mwongozaji wenu, Watanzania wawili. Kabla ya kujibu alinitazama kuanzia viatu kupanda juu, viatu vyangu vya plastiki vyenye tope. Akasema, "Nyie si mmelipa bei ya ndani?", kwa sauti ya kutosha, na Baraka amesimama kati yetu ameshavua shati, mkono ameunyoosha kulipokea boya. Akaushusha ule mkono taratibu. Mwongozaji akaipa kisogo familia yangu, na maboya mawili yasiyo na mtu yakaendelea kucheza begani kwake muda wote mwanangu alipokuwa anazama.

Dada huyo huyo akanitolea fomu: "Mama, ulisaini." Ndiyo, nilisaini kwamba maporomoko yana hatari zake. Hakuna mstari unaosema nimekubali boya ligawiwe kwa rangi ya ngozi.

Nilikuja ofisini kwenu nikidai nauli na ada tu. Sasa nataka nauli, ada, gharama zote za matibabu na za kufunga kidonda mpaka kipone, na kijana wa kijijini mumpe chochote cha maana, mumpelekee wenyewe mkononi. Nataka barua ya kuomba radhi iliyoandikwa kwa Baraka, kwa jina lake, na isainiwe na wewe, si na mapokezi. Na yule mwongozaji asipeleke mtu mwingine majini mpaka afundishwe uokoaji, tena nioneshwe cheti.

Nawapa siku saba tangu mpokee barua hii. Zikipita, nakwenda Tume ya Ushindani kama mlaji, na kwa wanaowapa leseni yenu ya biashara ya utalii, nikiwa na risiti, karatasi za hospitali na ile picha, ambayo nimeshaihifadhi. Mwanasheria ninaye, ni shemeji yangu, na ana hasira kuliko mimi.

Wenu,
Mama Baraka

Nakala: Itajazwa siku ya nane.