Harambee ya wavu wa korongoni: tuizuie plastiki kabla ya mvua

Mbukwenyi ndugu wazazi, wanafunzi wa zamani na marafiki wa shule yetu,

Tunawaandikia kutoka Mpwapwa, chini ya mlima Kiboriani, tukiomba mchango wenu wa kujenga wavu wa kuzuia plastiki kwenye korongo la shule.

Mwezi Agosti watoto wa darasa la sita walipanda mlimani na mwalimu wao hadi pale msitu unapoanza, kujifunza alama za wanyama. Juu ya jiwe walikuta kinyesi cha nyani kilichokauka. Mtoto mmoja akakivunja kwa kijiti. Ndani mlikuwa na mbegu za ukwaju, na katikati ya mbegu kona ya nailoni, ndogo kama ukucha, fundo lake bado limekaza. Darasa zima likanyamaza. Kisha binti mmoja akasema taratibu, "Hilo fundo la ubuyu." Ni kweli. Ndivyo mama zetu wanavyofunga ubuyu na barafu pale getini, na kila mtoto anayakata mafundo hayo kwa meno saa nne ya mapumziko, kisha anatema.

Nyani hushuka, huenda huyo aliliokota jalalani kwetu. Waliotunyima usingizi ni wanyama wasiozoea kushuka hadi kwetu, kama komba wa usiku na pimbi wa majabalini. Kwa jua letu hili la Dodoma nailoni haimalizi miezi mingi kabla haijaanza kukatikakatika. Inakuwa vipande, vipande vinakuwa chembe. Chembe zilizo chini ya milimita 5 ndizo wataalamu wanaziita maikroplastiki, nazo hazihitaji mtu wa kuzibeba. Upepo unaziinua pamoja na vumbi, mvua inazishusha. Kwenye milima ya Pyrenees, mpakani mwa Ufaransa na Hispania, watafiti walieleza mwaka 2019 kwamba wamezikuta zikidondoka kutoka angani mbali na miji. Katika msitu wa Amazon nyuzi za plastiki zimekutwa tumboni mwa kima wanaoishi juu ya miti na kula majani. Kima wale hawajawahi kuona duka. Na tusidhani ni mambo ya mbali: sangara na sato walionunuliwa sokoni Mwanza walishakutwa na plastiki tumboni, na mwaka 2022 wanasayansi wa Uholanzi walitangaza kuikuta kwenye damu ya binadamu.

Korongo linalopita nyuma ya madarasa yetu ni mchanga mtupu kiangazi chote. Mliokulia hapa mnajua: mnachimba kwa bakuli, mnangoja maji yajae, mnachota. Nyani nao huchimba mchanga uleule kwa mikono yao, wakanywa. Tulipochimba na watoto mwezi uliopita, nailoni zilitoka kwenye kila shimo, nyingine zimeoza kiasi kwamba ukizishika zinavunjika kama ganda la kitunguu. Mvua ya kwanza ikinyesha, yote hayo yanakwenda mto Kinyasungwe, yanaingia mto Mkondoa kule Kilosa, kisha mto Wami, hadi Saadani na baharini. Njia nzima hiyo ina wanyama wanaokunywa.

Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na kwa kweli rambo zimepungua. Zimebaki nailoni ndogo na chupa za maji. Sisi wenyewe shuleni tumekuwa tukizichoma nyuma ya vyoo. Moshi unaingia madarasani, na majivu yenye vipande visivyoungua yanapeperukia korongoni. Hilo tumeliacha.

Tunataka kujenga vizuizi vitatu vya wavu mzito wa waya kuvuka korongo, vyenye nguzo za chuma na msingi wa mawe, ili maji yapite na taka zibaki. Wavu na nguzo ni shilingi 2,100,000. Saruji mifuko 24 ni 420,000, na ujira wa fundi 600,000. Kibanda cha kutenganishia taka ni 1,250,000: chupa tutawauzia wanunuzi wa chakavu kwa kilo, nailoni zitakwenda dampo. Jumla ni 4,370,000. Wazazi tumeshachangishana 1,145,000. Pungufu ni 3,225,000.

Akina mama wa getini hatuwafukuzi. Ubuyu huo ndio unaolipa sare na madaftari ya nusu ya watoto wetu. Tumekaa nao, wakakubali kupima ubuyu kwenye karatasi na kuuza juisi kwenye vikombe vinavyooshwa. Mama mmoja ameshaanza bila kungoja kikao cha pili, na tunamshukuru sana.

Harambee ni Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, saa nne asubuhi, chini ya mbuyu wa shule. Kadi za mchango ziko kwa walimu wa madarasa na kwa mweka hazina wa kamati. Mlio mbali, mwombeni ndugu yenu aliye hapa awachukulie. Shilingi 1,000 inapokelewa kwa stakabadhi kama inavyopokelewa 100,000, na kila mwezi matumizi yatabandikwa ubaoni nje ya ofisi.

Mawe tunakusanya wenyewe. Asiye na fedha aje na jembe au toroli Jumamosi inayofuata harambee, saa moja asubuhi, tuchimbe msingi wa kizuizi cha kwanza, pale chini ya mkwaju ambapo watoto huvuka.

Kamati ya Mazingira ya wazazi na walimu