Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa: pimeni na kome

Ndugu Mkurugenzi,

Salamu kutoka Kyela, ninakofundisha baiolojia. Nakuandikia kuhusu kome, wale wa magamba mawili wanaojifukia kwenye mchanga wa ziwa.

Msimu wa kupulizia kakao ukifika, mabomba huoshwa mtoni. Mtu akishamaliza shamba anashuka Mbaka au Kiwira, anasuuza bomba mara mbili tatu, na maji ya buluu ya dawa ya shaba yanakwenda na mkondo. Simlaumu, maana hajajengewa pa kuoshea. Lakini maji yale yanaishia ziwani, na kome anaishi kwa kuchuja maji.

Kome hatengenezi kingamwili, yaani protini za damu za kupambana na vijidudu, kama sisi. Askari wake ni seli za damu zinazozunguka mwilini; zikikutana na bakteria humzingira, humeza, kisha humsaga ndani ya vifuko vya vimeng'enya viitwavyo lisosomu. Metali kama shaba, zebaki na kadimiamu hulegeza utando wa vifuko hivyo. Vikivuja, seli inaumia na bakteria anasalimika. Kwa hiyo kome anaweza asife siku sumu inapopita, akaja kufa baadaye kwa maradhi ambayo angeyamudu. Tukingoja kuona magamba matupu ufukweni tutakuwa tumechelewa sana, na samaki wa ziwa hilohilo ndio kitoweo chetu.

Maji yanayochotwa kwa chupa kwenda kupimwa yanaeleza hali ya saa yalipochotwa tu. Mvua ikishusha sumu usiku, asubuhi imeshapita. Kome yupo palepale, na madhara ya sumu yamebaki mwilini mwake. Marekani wanapima uchafuzi wa pwani zao kwa kome na chaza tangu 1986, na seli zenyewe zina kipimo rahisi: unavuta damu kidogo kwa sindano kwenye msuli unaofunga magamba, unatia rangi nyekundu maalumu, unatazama kwa hadubini. Seli yenye afya huishikilia rangi ndani ya lisosomu kwa muda mrefu. Iliyodhurika huivujisha upesi.

Naomba kipimo hiki kianze kabla na baada ya msimu wa dawa, kwenye midomo ya Mbaka, Kiwira na Songwe, pamoja na sehemu moja ya ufukwe iliyo mbali na mashamba kwa ajili ya kulinganisha. Majibu yabandikwe ofisi za vijiji, kwa Kiswahili. Na halmashauri ishawishiwe kujenga vichanja vya kuoshea mabomba mbali na mto, hata kabla majibu hayajatoka.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa baiolojia, Kyela